Mistari ya mkaa

Juzi jioni narudi nyumbani nakuta mwanangu wa kati kachukua kipande cha mkaa jikoni kachora ukuta wote wa korido. Vistari vya wima, vinne vinne, cha tano kimekatiza kwa ubavu, si ndivyo wanavyofundishwa kuhesabu shuleni. Mwenye nyumba wetu rangi kapaka mwezi uliopita tu, nikavuta pumzi nimfokee, halafu nikamuuliza kwanza, unafanya nini wewe? Akanijibu bila hata kugeuka, nahesabu bodaboda zinazopita mama, baba kasema hazifiki mia. Basi hasira ikaniishia palepale, nikasimama na mfuko wa mboga mkononi, maana mara ya mwisho kuona ukuta umechorwa vile ilikuwa mlimani Uluguru, mwaka 2014, kwenye banda la Mama Uji.

Mnaukumbuka ule mwaka wa maabara. Agizo lilitoka juu kabisa, kwa Rais Kikwete, kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na mwisho wa mwezi wa kumi na moja ziwe zimekwisha. Wananchi tukachangishwa. Kwetu ilipitishwa kila kaya 10,000, na asiyetoa mgambo wanamfuata. Mama yangu walimchukulia majogoo wawili, siku hiyo alikuwa anaumwa, kalala ndani anawasikia kuku wanalia uani na hakutoka. Sisi hatukuliongelea tena hilo jambo pale nyumbani.

Mimi nilikuwa na miaka 21, fomu foo nimemaliza siku nyingi, nipo tu. Likaja shirika likatoa mafunzo ya siku tatu pale tarafani, habari ya kufuatilia matumizi ya fedha za umma, wenyewe wanaita PETS, kijiji kikachagua kamati ya watu watano na watatu kati yetu tulikuwa vijana. Kazi yenyewe siyo kukamata mtu. Unachukua karatasi, unaangalia pesa imetoka wapi ikapitia wapi, halafu unakwenda kwa miguu yako kuona kile kitu kipo, halafu majibu unayapeleka mkutano mkuu wa kijiji, wenye mali waamue. Mwalimu alitusomea Ibara ya 27 ya Katiba, kila mtu ana wajibu wa kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi, nikainakili kwenye daftari nikaipigia mistari miwili chini yake. Kila mtu. Yaani miaka yote ile nilikuwa naona hayo ni mambo ya wazee na wenye suti, kumbe na mimi nimo.

Karatasi tulizopewa, tena baada ya kuzungushwa wiki tatu, zilisema simenti mifuko 140, imepokelewa, imesainiwa. Tukaenda stoo. Lakini simenti siyo meza, ukifika imeshachanganywa imeshakuwa ukuta, utahesabu nini? Mwenzetu mmoja akakata tamaa kabisa akasema hapa wametuweza.

Sasa kule kwetu gari halifiki. Lori linashusha bondeni na kila mfuko unapandishwa kwa kichwa au bega, kilo 50, mwendo wa saa nzima na zaidi, malipo 1,500 kwa mfuko na hela unapewa kazi ikiisha. Katikati ya mlima ndipo lilipokuwa banda la Mama Uji. Mbebaji akifika anatua mzigo, anakunywa kikombe kwa mkopo, na Mama Uji, ambaye hajui kusoma wala kuandika, anaokota mkaa anachora mstari mmoja. Kila mtu alikuwa na sehemu yake ukutani na juu yake kamwekea alama, mmoja jembe, mwingine samaki, mwingine mguu mmoja kwa sababu anachechemea. Aliyewaza hilo siyo mimi, ni yule mdogo wetu kuliko wote kwenye kamati, alikuwa amebeba na yeye, akaropoka tu njiani, jamani si kila mfuko una kikombe chake?

Tulikwenda jioni tukamulika na tochi ya simu. Tukahesabu mara tatu, kila mara mtu tofauti, ikaja 91. Mama Uji katuangalia, akauliza kwani mnataka kuwalipia?

Hata tukijumlisha waliopita bila kunywa, haiwezi kufika 140. Usiku nikakaa na kalkuleta ya simu. Nilichokuwa natafuta siyo mifuko, ni kaya. Nilikuwa nataka kujua kila mfuko uliopotea umekula michango ya nyumba ngapi, na nilipoona jibu sikulala.

Mkutano mkuu kisheria unatakiwa kila miezi mitatu, kwetu ulikuwa haujaitishwa mwaka na ushee. Tuliudai, tukazungushwa, tukadai tena, ukaja kuitishwa mwezi wa kumi. Saa nne, yaani saa sita. Watu wamekaa chini ya mshelisheli mbele ya ofisi, akina mama upande huu na wazee kwenye benchi, na mtendaji wa kijiji akasoma mapato na matumizi kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua. Mwenyekiti akauliza kuna swali, mimi nikasimama. Karatasi inatetemeka mpaka naisikia. Nikasema ndugu mwenyekiti, kamati imekuta mifuko 91. Mzee mmoja nyuma akasema kaa chini mtoto, nani kakutuma? Mtendaji wala hakukasirika. Akasema kwa upole kabisa, huo ni ukuta wa muuza uji, siyo nyaraka ya serikali, na wapo waliobeba bila kunywa, au wewe ulikuwepo?

Nilikuwa sina jibu. Nakumbuka niliangalia vidole vyangu vya miguu, kandambili moja imeunganishwa kwa waya, nikawa nasema moyoni kaa, kaa tu yaishe.

Ndipo akasimama yule anayechechemea. Hakuomba nafasi. Akasema, mimi kumi na moja. Kumi nilikunywa, mmoja sikunywa, nilikuwa nimeshiba. Akabaki amesimama. Kimya. Halafu kijana mwingine kule pembeni, mimi saba. Halafu, mimi sita. Dada mmoja ana mtoto mgongoni, mimi nane, na huyu alikuwa tumboni. Yule mdogo wetu akachukua kijiti akawa anaandika mavumbini, anasema kwa sauti kila inapoongezeka, thelathini na mbili, arobaini na tatu, na kati ya mtu na mtu palikuwa na ukimya ambao mpaka leo nikiufikiria nywele zinanisimama, maana kila anayesimama alikuwa anajua mtendaji anamwona na anamwandika kichwani. Nadhani ilichukua dakika kumi, kwangu ilikuwa kama asubuhi nzima. Wa mwisho alisema tatu, ikafika 98. Mwenyekiti akauliza mara mbili, kuna mwingine aliyebeba? Hakuna aliyesimama. Wote waliokuwa wamesimama hawakukaa.

Nikapata sauti. Nikasema tofauti ni mifuko 42. Kwa bei waliyoandika wenyewe, 15,000, hiyo ni 630,000. Na 630,000 ni michango ya kaya 63. Kitongoji chetu chote hakifiki kaya 63. Nikasema maana yake kitongoji kizima tumechanga na hakuna hata mfuko mmoja uliofika.

Mama yangu akainuka. Mama yangu ambaye hata kwenye msiba hasemi. Akasema naomba kuuliza, majogoo wangu wawili wako kwenye mfuko upi?

Ningeweza kuishia hapa na ningelala vizuri.

Mtendaji akafunga faili akasema aliyepokea mzigo ni mtunza stoo, saini ni yake, aulizwe yeye. Umati wote ukageuka. Mzee wa watu akanyanyuka, kofia kaivua kaishika mikono miwili, akasema mimi... halafu basi, ikaishia hapo. Watu wakaanza mwizi, mwizi, na waliopiga kelele zaidi ni sisi vijana. Na mimi nilikuwemo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Wiki ile ile mifuko 20 ikakutwa asubuhi mlangoni kwa stoo, aliyeileta hakujulikana. Yule babu mtunza stoo akaamriwa alipe iliyobaki, akauza mbuzi na mikarafuu kadhaa. Mtendaji akahamishiwa kijiji kingine mwezi wa kwanza. Matumizi yakaanza kubandikwa ubaoni kila robo mwaka, na kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 14 Desemba wenzangu wawili wa kamati wakachaguliwa kuwa wajumbe wa serikali ya kijiji. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja redio zote zilikuwa Escrow tu, ile kashfa ya fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, Zitto Kabwe na ripoti ya PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, bungeni Dodoma, bilioni 306, na wazee wa kijiweni wakaniita, we binti wa mahesabu, hizo ni simenti ngapi? Nikawapigia, mifuko milioni 20 na laki nne. Mzee mmoja akasema wale waliobeba hizo nani atawasimamisha? Hakuna aliyemjibu.

Babu wa stoo nilikutana naye njiani karibu na Krismasi, mimi nashuka yeye anapanda. Nikamwamkia, akaitikia, tukapishana, halafu akaniita. Akasema mtendaji aliniambia nisaini zote, nyingine zinakuja na gari la kesho, na mimi kusoma kwangu unakujua. Akasema, mjukuu wangu, mbona hukuja kuniuliza?

Kwenye kamati tulikubaliana tusimuulize, tuliogopa atampelekea bosi wake habari na karatasi zipotee. Sababu ya maana kabisa, hata leo naiona ina maana. Lakini kwenye mafunzo tulifundishwa kwamba anayetajwa asikilizwe kwanza kabla ya mkutano, na hilo nalo nimeliandika kwenye daftari lile lile, ukurasa unaofuata. Sikulipigia mstari.

Sasa hivi naona vijana mtandaoni wanaanika risiti, wanaanika picha za barabara iliyokufa kabla ya mwaka, wanauliza hela imekwenda wapi, na nafurahi kweli jamani, nawatumia wanangu wasome, kwa sababu najua ule ukimya wa kati ya mtu na mtu unavyogharimu. Na papo hapo nikiona jina la mtu mmoja wa chini ndilo limeshikwa, tumbo linanikaza. Sijui ningefanyaje. Tungemuuliza pengine zile karatasi zisingeonekana tena, na wale 14 wasingesimama. Hatukumuuliza, na mikarafuu ya yule mzee sasa ni ya mtu mwingine.

Mwaka 2024 nilikwenda nyumbani kwenye msiba, mwezi wa kumi na moja, wiki ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27. Njiani nimebeba maneno yangu ya kumwambia babu wa stoo, nimeyapanga tangu basi linatoka Dar. Nikamkuta kakaa nje, macho yamepungua, nikamshika mkono, shikamoo babu. Marahaba. Akanipapasa kidogo mpaka akanijua. Akauliza, bado unahesabu? Nikasema bado, babu. Akasogea kwenye benchi akanipisha nikakaa, tukabaki tunawasikiliza watoto wanatoka shule, wanashuka mlima wanapiga kelele.