Tanuru la Bombo

Juni 2012 nilirudi nyumbani Bombo likizo, nikamkuta mjomba ana tanuru la matofali tayari kuwashwa. Usiku wa kwanza tanuru haliachwi peke yake, na vijana wake walikuwa wamesafiri, basi kukesha kukaniangukia mimi. Baada ya Isha tukasukuma magogo kwenye midomo ya chini. Moto uliposhika barabara, mjomba akaiziba midomo yote kwa matofali na tope. Ukuta alishaukandika udongo tangu mchana. Giza likarudi kana kwamba hatukuwasha kitu.

Mfukoni nilikuwa na karatasi nilizochapisha Kampala wiki hiyo, habari mpya za galaksi iitwayo HDF 850.1. Nilikuwa nazisoma kwa tochi ya simu, mjomba akauliza ni mtihani gani huo. Nikamweleza.

Desemba 1995 darubini ya Hubble ilikodolea kipande kidogo cha anga kwa siku kumi, ikaleta picha yenye galaksi zipatazo 3,000. Mwaka 1998 wanaastronomia wakaelekeza hapo hapo darubini ya James Clerk Maxwell, iliyo juu ya Mauna Kea kule Hawaii, inayopokea mawimbi mafupi kuliko milimita moja. Kilichong'aa kuliko vyote, ndiyo hiyo HDF 850.1, kilikuwa mahali ambapo Hubble haikuona chochote.

"Hakikuonekana kwa nini?" akauliza.

"Vumbi, mjomba." Si vumbi la barabara ya Gulu. Ni chembe laini kama masizi, za kaboni na madini ya mawe, zinazotokana na nyota zinazokufa. Zinameza mwanga wa nyota changa, zinapata joto, kisha zinatoa joto hilo kwa mawimbi marefu ambayo jicho haliyaoni. Na kwa kuwa ulimwengu unatanuka, mawimbi hayo yanazidi kurefuka njiani kuja kwetu.

Mjomba hakujibu. Alinishika kifundo cha mkono, akaupeleka mkono wangu gizani kuelekea ukutani. Kiganja kikahisi joto kabla sijagusa. Akanitembeza hatua tatu, joto likapungua. Akanirudisha tulipoanzia, likanichoma usoni. "Hapa ndipo penye moto," alisema. Mwaka mzima nilikuwa nimekokotoa milinganyo ya mnururisho, yaani joto lisafirilo bila kugusana, darasani, lakini usiku ule ndipo nilipoielewa kwa ngozi.

Karatasi zangu zilieleza kilichowachukua wanaastronomia miaka 14: umbali. Joto peke yake halisemi limetoka mbali kiasi gani. Ilibidi wanase alama za kaboni na monoksidi ya kaboni, yaani mawimbi yao ambayo urefu wake wa asili unajulikana, kwa darubini za redio ikiwemo ile ya Plateau de Bure katika milima ya Alps, Ufaransa, wapime zimerefuka kiasi gani. Zilikuwa zimerefuka zaidi ya mara sita. Nuru ile ilisafiri miaka bilioni 12.5, na galaksi ilikuwa ikiunda nyota zenye uzito wa majua 850 kila mwaka. Njia Nyeupe, galaksi yetu, huunda za jua moja au mawili hivi.

Karibu na alfajiri udongo ulipasuka upande wa juu, uzi mwekundu wa moto ukatokeza, mwembamba kama ukucha. Niliutazama kwa furaha. Mjomba alikwishachota tope. Akauziba kwa kiganja, akalainisha, akaenda kutawadha.

Mwaka 2023 nilisoma kwamba darubini ya James Webb, inayoona mwanga wa infraredi usioonekana kwa jicho, imepata nuru ya nyota za HDF 850.1 yenyewe. Nikampigia simu mjomba, ambaye sasa hachomi tena matofali.

"Nyufa zimeonekana," nikamwambia. "Pande mbili."

"Na katikati?"

"Katikati vumbi ni zito mno, nuru haipenyi."

"Basi moto uko hapo," akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya usiku ule.