Jinsi tulivyosamehewa ada ya rekodi ya FBI

Shemeji yangu, yuko Marekani, alimaliza kifungo chake zamani na sasa anaomba msamaha wa rais. Kuomba msamaha ni bure, lakini fomu inauliza kila mara uliyowahi kukamatwa, naye tarehe nyingine zimemtoka. Njia ya uhakika ni kuomba rekodi yake ya kukamatwa kutoka FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani, na hiyo ina ada ya dola 18. Kwa mtu asiye na kazi, hiyo ni hela ya chakula.

Tuliuliza wanaopokea maombi ya msamaha. Ada hiyo haiko mikononi mwao. Tukauliza wanaochukua alama za vidole, maana ombi la rekodi huenda nazo, nako hakuna.

Kilichosaidia ni hiki: kanuni za serikali kuu zinaruhusu ada kufutwa ukithibitisha kwamba huna uwezo. Ila lazima uwasiliane na FBI KABLA ya kutuma ombi, wakuelekeze. Bahasha isitangulie simu! Tukapiga, tukafuata maelekezo, tukaambatisha uthibitisho wa kipato, ndipo tukatuma fomu na alama za vidole vyote kumi. Ada ikafutwa, rekodi ikaja.

Gharama ya kuchukuliwa alama zenyewe haimo katika ada hiyo iliyofutwa. Ulizieni bei mapema, inatofautiana.