Nilivyotambua injini na mwaka wa Triumph ya zamani kwa namba zake

Pikipiki yenyewe ni Triumph ya silinda mbili iliyokaa miaka mingi ghalani Jinja. Logibuku yake, yaani kitabu cha usajili, ilisema ni ya mwaka 1971, injini ya cc 750. Vipuri vya pikipiki kama hii haviokotwi Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kama vya Boxer za bodaboda. Vinaagizwa nje, na gasketi ya mwaka mwingine ni hela iliyopotea. Kwa hiyo niliiweka logibuku kando, nikaanza na chuma.

Namba ya injini iko ubavu wa kushoto, juu ya karankesi (ganda la chini la injini), chini kidogo ya silinda. Ya fremu iko upande huohuo, kwenye shingo ya usukani. Ile ya shingo ilikuwa imefunikwa na rangi tabaka kwa tabaka. Hapo usitumie msasa wala brashi ya waya, maana namba zimegongwa kwa kina kidogo na alumini ya karankesi ni laini. Ukisugua kwa nguvu unafuta ushahidi. Nililainisha rangi kwa dawa ya kuondolea rangi, nikatoa grisi na vumbi jekundu kwa parafini na mswaki, nikakausha. Kisha nikapaka chaki na kufuta juujuu ili unga ubaki ndani ya michoro. Tochi imulike kutoka pembeni, karibu kulala juu ya chuma, siyo kutoka mbele. Hapo ndipo 3 na 8, au 5 na S, zinapotengana.

Fremu na injini zote zilisoma PD, tarakimu tano zilezile, na TR6, ambalo ni jina la modeli. Kwenye Triumph ya aina hii, injini na giaboksi zikiwa bodi moja, kiwanda cha Triumph cha Meriden, Uingereza, kiligonga namba moja kwenye injini na fremu. Zikitofautiana, jua injini au fremu imebadilishwa.

Kuanzia msimu wa 1969 herufi ya kwanza ni mwezi: A Januari, B Februari, C Machi, D Aprili, E Mei, G Juni, H Julai, J Agosti, K Septemba, N Oktoba, P Novemba, X Desemba. Ya pili ni mwaka: C 1969, D 1970, E 1971, G 1972, H 1973, na kuendelea kwa mpangilio uleule. Kinachowachanganya wengi ni kwamba mwaka huo ni wa msimu wa mauzo, na msimu ulianza Agosti ya mwaka uliotangulia. PD basi ni Novemba 1969, pikipiki ya msimu wa 1970. Ile 1971 ya logibuku naichukulia kuwa mwaka wa usajili tu. Ukikuta DU badala ya herufi hizi, hiyo ni 650 ya zamani zaidi, ya kuanzia 1963 hadi mwanzoni mwa msimu wa 1969.

Namba hugongwa upya, kwa hiyo sikuishia hapo. Tangu 1969 sehemu inayogongwa namba ina nembo ndogondogo za Triumph zilizojirudia. Zikikosekana, au pakiwa pamelainika kama pamepigwa tupa, mtu amepita hapo. Nembo zangu zilikuwepo. Chini ya injini nililinganisha namba za nusu mbili za karankesi: zilifanana, maana yake ni pacha tangu kiwandani. Fremu nayo ilishuhudia, kwani ina tanki la oili la pembeni. Kuanzia msimu wa 1971 oili ya 650 ilihamia ndani ya fremu.

Ilibaki hiyo 750. Hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ya 650 ina bolti 9, ya 750 ina 10, nilihesabu 9. Baada ya kuifungua nilipima kipenyo cha silinda kwa kalipa (kipimo cha milimita chenye taya), juu, katikati na chini, kwa sababu silinda huchakaa zaidi karibu na juu. Mwendo wa pistoni niliupima kama kina cha shimo, kutoka ilipo juu kabisa hadi chini kabisa, nikigusa sehemu ileile ya pistoni. Usipime kwa kijiti kupitia tundu la plagi: plagi imelala, kijiti kitakudanganya.

Mwendo ulikuwa milimita 82, kipenyo 71.5. Kipenyo cha kiwandani ni 71, na 71 × 71 × 0.7854 × 82 × 2, ukigawa kwa 1000, ni cc 649 (0.7854 ni robo ya pai, 2 ni idadi ya silinda). Kwa 71.5 unapata takriban 658. Hiyo ni silinda iliyochongwa kuwa pana kidogo, siyo 750, ambayo kipenyo chake ni 76. Juu ya pistoni paliandikwa +20, yaani sehemu 20 kati ya elfu moja za inchi, karibu nusu milimita.

Niliagiza gasketi ya hedi ya bolti 9 na ringi za 71 za saizi +20. Kabureta ni moja, kama TR6 inavyotakiwa; modeli ya T120 ndiyo yenye mbili.