MySQL Haikuwa na Kosa

Simu iliingia saa mbili usiku. Chuo kilikuwa kimetoa majina ya waliochaguliwa jioni ile, nami, kijana wa miaka 24 niliyekabidhiwa seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, peke yangu kwa mara ya kwanza, nilikuwa chumbani Sinza nakula wali maharage. Mama msajili hakusubiri hata shikamoo yangu. "Mwanangu, tovuti haifunguki. Wazazi wananipigia."

Nikaingia kwenye seva. MySQL, programu inayotunza hifadhidata ya tovuti, imezimika. Nikaiwasha, tovuti ikarudi. Dakika kumi hazikupita, ikazimika tena. Hadi saa nne nilikuwa nimeiwasha mara saba, na moyoni nimeshaihukumu: hifadhidata ni mbovu. Nikaanza kuwaza kuiondoa niisimike upya. Nikikumbuka hilo mwili hunisisimka mpaka leo, maana nakala rudufu ya mwisho ilikuwa ya wiki mbili nyuma.

Aliyenizuia ni kaka mmoja aliyenifundisha kazi. Nilimpigia sauti ikitetemeka. Habari za MySQL hakuziuliza kabisa. "Soma dmesg kwanza. Usiguse kitu."

Nikasoma ujumbe ule wa kerneli, kiini cha Linux, mfumo endeshi wa seva. Memori ilikuwa imekwisha, kerneli ikaua mysqld, mchakato wa MySQL, yaani programu yenyewe ikiwa kazini. Linux ikiishiwa memori huchagua mchakato wa kuua, na mara nyingi huuangukia ule ulioshika memori nyingi kuliko yote. MySQL ilishika kama MB 400. Hakuna mwingine uliokaribia hapo. Iliponzwa na ukubwa wake tu.

"Sasa hesabu michakato ya Apache."

Apache ndiyo programu inayowapelekea wageni kurasa za tovuti. Michakato yake ilikuwa zaidi ya thelathini, kila mmoja kama MB 50, kwa sababu kila mmoja ulibeba PHP nzima, inayoendesha msimbo wa tovuti, tumboni hata pale ulipotoa picha ya nembo tu. Seva yenyewe ilikuwa na GB 2, swapu, sehemu ya diski ya kusaidia memori, haina. Nikafungua faili la mipangilio: MaxRequestWorkers 150, yaani hadi michakato 150 kwa wakati mmoja, kama ilivyokuja na Ubuntu, toleo la Linux la seva ile. Nikazidisha nyuma ya bahasha: MB 7,500. Niliitazama namba ile kwa muda mrefu. Miezi yote ile seva ilikuwa na ruhusa ya kukaribisha wageni isioweza kuwalisha, na haikujulikana kwa kuwa wageni wenyewe hawakuja.

Nikaweka 25. Kaka akaniambia nishushe na KeepAliveTimeout, muda wa kumshikia mgeni muunganisho wake, kutoka sekunde 5 hadi 2, ili aliyekwisha kupata ukurasa wake asiendelee kukalia nafasi ya mwenzake. Nikawasha Apache upya. Kurasa zilichelewa, watu walipanga foleni, lakini zilifunguka. Nilikaa natazama free -m, amri inayoonyesha memori iliyobaki, mpaka saa nane usiku. MySQL haikuanguka tena.

Kabla ya kulala nilichukua nakala rudufu ya hifadhidata ile, nikaishusha kwenye kompyuta yangu, na sikuondoka kitini mpaka ilipoingia yote.