Alama nyekundu kwenye sentimita 18

Jana mwanangu alikuwa anatafuta rula ya hesabu, akaibuka na ile ya plastiki inayokaa chini ya sinki pamoja na glavu. "Mama, nani kachora hapa kwenye kumi na nane?" Nikamwambia ni ya oposumu, yule mnyama wa Marekani wa ukubwa wa paka anayebeba watoto mfukoni tumboni. Akaguna, akaenda zake. Anajua nikianza simalizi.

Ilikuwa mwezi wa tano, Columbus, jimbo la Ohio, tungali kwenye zile apatimenti za mwanzo. Baba Furaha, ambaye hutoka zamu ya usiku alfajiri, alinigongea mlango akiwa bado na jaketi la kazini. "Mama Amani, nyama ilisha kufa pale barabarani, lakini tumbo yake iko inatikisika."

Mwezi wa tano ndio wenyewe. Oposumu wa Ohio huanza kuzaa baridi inapoelekea kuisha. Mimba ni siku 12 au 13 tu, na mtoto hutoka ana ukubwa wa nyuki, hafikishi hata robo ya gramu. Hutambaa mwenyewe kwenye manyoya ya mama mpaka ndani ya mfuko wa tumboni na kung'ang'ania chuchu. Chuchu kwa kawaida ni 13, ilhali wanaozaliwa wanaweza kupita 20. Anayekosa, basi tena. Waliopata hukaa humo miezi miwili na ushei. Ndiyo maana jike aliyegongwa na gari msimu huo anaweza kuwa maiti huku amebeba watoto wazima, na muda wao ni mfupi: mwili wa mama ukipoa, nao wanapoa.

Alikuwa kwenye ukingo wa lami, fuvu limepasuka, tumbo halina hata mchubuko. Kabla ya kushika, mguse kwa kijiti na umtazame mbavu. Oposumu akizidiwa na hofu huzirai kwelikweli, ulimi nje, mate yanamtoka, harufu ya uozo nyuma, na hali hiyo inaweza kumshika kwa saa kadhaa bila yeye kupenda. Huyu hakuwa amezirai.

Nikavaa glavu, nikapiga magoti. Mdomo wa mfuko una msuli unaoubana. Mama akifa hulegea. Niliupanua kwa vidole viwili, na kitu cha kwanza nilichohisi ni joto, asubuhi ile ya baridi, joto la kitanda cha mtu aliyeamka sasa hivi. Kisha mikia. Mikia myembamba, mitupu, imesokotana hata hujui upi wa nani, na katikati yake viganja vya waridi vinafumba na kufumbua. Walikuwa wanane. Watatu walishaachia chuchu, wanapandana na kupiga ile sauti yao ya kumwita mama: "chu, chu, chu." Watano walikuwa bado wameshika, macho yamefumba, manyoya ndiyo kwanza yanatia kijivu mgongoni. Baba Furaha akapeleka mkono amvute mmoja. Nikamdaka kiganja.

Havutwi. Chuchu hurefuka na kuvimba ndani ya kinywa cha mtoto. Ukivuta unamchana kinywa. Kama kliniki ya wanyamapori iko karibu, peleka mama mzima na mfuko wake. Kama ni mbali, kata chuchu kwa mkasi mdogo usawa wa ngozi ya mama, mtoto abaki na kipande mdomoni, kitadondoka chenyewe. Sisi tulimbeba mama ndani ya boksi, na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo kando yake. Wale watatu tuliwatia kwenye soksi ya sufu juu ya chupa. Maziwa hakuna. Mtoto aliyepoa hasagi chakula, joto ndilo la kwanza, na ya ng'ombe huwaharisha hata wakiwa na joto lao. Tena kwa umri ule hawanyonyi chupa: hulishwa kwa mrija unaofika tumboni, na mrija ukikosea njia unajaza mapafu. Ni kazi ya aliyefundishwa, mwenye kibali cha jimbo.

Mizani ya kliniki iliwapa kati ya gramu 38 na 45. Mmoja alikufa. Saba waliobaki walijifunza kulamba kwenye kifuniko cha chupa, wakaota meno, wakaachiwa kando ya mto mwisho wa kiangazi. Sikuwepo.

Alama ya rula ilitoka huko. Pima kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia, mkia wenyewe usiuhesabu. Chini ya sentimita 18 na yuko peke yake, anahitaji msaada. Akifika 18 au 20 na hana jeraha, anajitegemea, hata akionekana mdogo kiasi gani, mwache. Uzito usiutegemee sana kukadiria umri. Anayelala chini ya baraza na kula bakuli la paka hunenepa haraka, na dume huendelea kuongezeka maisha yake yote. Wakubwa hupita kilo 5. Meno husema kweli zaidi: oposumu aliyekomaa anayo 50. Na unene si afya. Anayelishwa nyama tupu hukosa kalsiamu, mifupa inapinda, anatembea kwa kuburuta.

Wengi hawafikishi miaka miwili, wembamba kwa wanene. Kwenye kisiwa cha Sapelo, Georgia, ambako wawindaji wao ni wachache, mtafiti Steven Austad aliwakuta majike wanazeeka polepole na kuzaa watoto wachache kuliko wenzao wa bara. Mjini kuna chakula tele, na magari tele. Sijui wale saba tuliwafanyia hisani au tuliwapa tu muda wa kuifikia barabara nyingine.

Baba Furaha bado huwawekea mabaki ya kuku nyuma ya nyumba. Nimemweleza habari ya kalsiamu mpaka nimechoka. Ananiambia dume lake limefika kilo 7. Nikamwuliza amelipimaje.

"Kwa macho, Mama Amani."