Naona barabara usiku, na anayekuja mbele yangu anaona pia

Huu ni mwaka wa sita nabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Morogoro mjini kwa gari dogo la Probox, na safari karibu zote ni za usiku, maana mzigo unatakiwa uwe sokoni kabla hakujapambazuka. Anayeijua njia hiyo anaijua pia Mikumi: kilomita kama 50 ndani ya hifadhi, giza tupu, tembo anavuka akitaka, na ukigonga mnyama faini yake si ya mchezo. Kwangu taa za mbele si urembo.

Mwaka juzi zangu zilikuwa zimefifia mpaka nikawasha full, yaani mwanga wa mbali, hata pale ambapo dim, mwanga wa chini, ingetosha. Plastiki ya mbele ilikuwa ya njano kwa jua, imeparara kama chupa ya zamani. Nikauliza watu, na jibu likawa lile lile kila kona: weka LED, utaendesha kama mchana. Ushauri huo bado unaniudhi ninapouandika hapa, kwa sababu ungeniua.

Nilinunua jozi ya globu za LED, fundi akazipachika, jumla kama elfu sitini. Pale gereji ukuta mzima ulikuwa mweupe pee. Nikaondoka nimefurahi.

Usiku ule ule, nikiwa nimepakia, kwenye vilima vya Iyovi malori yakaanza kunipigia full. La kwanza, la pili, la tatu. Mimi nipo kwenye dim, sina tena pa kushusha. La nne halikunipigia mara moja likaacha. Liliwasha kila kilichokuwa mbele yake, na spotilaiti za juu, likaja nazo hivyo hivyo. Sikuona kitu. Nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani, ndipo nikasikia majani yakikwaruza chini ya gari. Niliyasikia kwenye tairi kabla sijayaona kwa macho. Kila dereva wa njia hii anajua matawi barabarani yanasema nini. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, magunia yakanisukuma mgongoni, nikasimama hatua nne tu nyuma ya tela la semi lililoharibika upande wangu, halina hata taa moja. Nilikaa pale muda, mikono inatetemeka.

Na bado sikuzitoa zile globu. Nilimlaumu mwenye lori.

Aliyenifumbua macho ni trafiki, karibu na Morogoro. Alinisimamisha, akaniuliza, "Dereva, hii ni dim au full?" Nikamjibu, "Dim, afande." Akasema, "Shuka, njoo usimame hapa nilipo mimi." Nikaenda nikasimama. Gari langu mwenyewe silioni. Si bampa, si namba, wala barabara kando yake. Weupe mtupu, na nilipogeuza uso niliendelea kuona madoa mekundu. Akaniandikia faini ya elfu thelathini kwa kuendesha na taa zinazopofusha wengine. Nililipa bila kinyongo.

Kumbe kosa liko hivi. Globu ya H4, ile ya halojeni ya kawaida, ina nyuzi mbili, wa full na wa dim, na chini ya uzi wa dim kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiende sehemu ya chini ya kiakisi, kile kibakuli king'aavu kinachorusha mwanga mbele, kwa sababu ungefika hapo ungerushwa juu, machoni mwa watu. Kiakisi kizima kimepindwa kwa ajili ya uzi ule, mahali pale pale ulipo. Ukiweka LED ambayo chanzo chake cha mwanga hakilingani na ule uzi, mwanga unamwagika ovyo: mwingi karibu na pua ya gari, mwingi juu, na mbali unakotaka kuona hakuna kitu. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED ni jambo jingine, taa nzima imetengenezwa kwa ajili hiyo. Na mvua ikinyesha, mwanga unaomwagika wa globu kama zile zangu unageuza matone kuwa pazia.

Nilirudisha halojeni, nikaenda kwa mzee mmoja fundi umeme pale mji wa Mikumi. Hakugusa globu. Alitoa mita, akapima betri injini ikiwa inanguruma: volti 14.1. Akapima kwenye soketi ya taa: 11.9. Akaniangalia, "Mwanangu, taa zako zina njaa." Umeme ulikuwa unapita kwenye swichi ya usukani na waya zilizochoka, unafika umeisha nguvu, na globu ya halojeni ikipungukiwa volti kidogo tu, mwanga unashuka sana. Alifunga rilei mbili, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme, na fyuzi, akavuta waya nene moja kwa moja kutoka betri. Waya za zamani zikabaki kazi ya kuiamuru rilei tu. Haikufika elfu hamsini na ufundi wake. Nilimwomba aniwekee globu za wati 100, akanionyesha soketi iliyoyeyuka kama mshumaa. "60/55, basi." Namshukuru mpaka leo.

Plastiki niliisafisha mwenyewe: msasa wa maji wa 800, wa 1000, wa 2000, polishi, kisha vanishi maalumu ya kuzuia jua. Bila hiyo vanishi utarudia kazi baada ya miezi michache. Dawa ya meno nilishaijaribu kabla. Ilidumu wiki mbili.

Lakini kazi ninayojivunia kuliko zote ni kulenga taa. Watu wanalenga gari likiwa tupu, mchana, kwa kukadiria. Mimi nilipakia magunia manne ya vitunguu, nikajaza tairi upepo, nikaenda usiku kwenye ukuta wa ghala penye sakafu iliyonyooka, nikapima mita 10 kwa utepe. Mdogo wangu akakaa kwenye usukani, tuna uzito unaokaribiana. Nikachora mstari wa chaki kimo cha katikati ya taa, na mwingine sentimita 10 chini yake. Ukingo wa mwanga wa dim ulitakiwa ukae kwenye huo wa chini. Wangu ulikuwa umepita hata ule wa juu! Mzigo unakalisha nyuma, pua inainuka. Kwa hiyo miaka yote hiyo, hata kabla ya LED, nilikuwa nikiwaumiza watu.

Pale karibu na usukani kuna kigurudumu chenye namba 0 hadi 5. Hakuna fundi aliyewahi kuniambia ni cha kushusha taa ukibeba mzigo. Basi nikaweka skrubu za nyuma ya taa zikae sawa gari likiwa tupu kwenye 0, na kwa magunia manne nazungusha hadi 3. Ukutani utaona upande wa kulia mwanga umekatika bapa, na kushoto unapanda kidogo. Hiyo ni makusudi: kulia ni macho ya anayekuja, kushoto ni mtu wa baiskeli na mwenda kwa miguu. Ndiyo maana gari lililotengenezwa kwa nchi ambako watu hupita upande wa kulia wa barabara linatupofusha hapa hata taa zake zikiwa mpya. Hilo skrubu haitibu, linahitaji taa za upande wetu.

Wiki iliyopita, ndani ya hifadhi, lori lilikuja, likashusha, nikashusha, tukapishana. Lilipokuwa bado ubavuni mwangu niliona upande wa kushoto, mbali kabisa, miguu minne mirefu imesimama kwenye majani, juu yake giza. Nilikuwa nimeshapunguza mwendo twiga alipoanza kuvuka.