Nilivyopunguza gharama za kuuza viatu mtandaoni, kumbe hela ilikuwa inapotelea kwenye mizigo inayorudi

Naandika hii kwa wenzangu mnaouza mtandaoni na kila siku mnalia na kamisheni inayokatwa na soko la mtandaoni, maana na mimi nimelia nayo karibu mwaka mzima. Nauza viatu vya kike, flati, raba na vile vya kuchuchumia kidogo, nachukua jumla Kariakoo, napiga picha home naweka kwenye soko la mtandaoni, mteja akiweka oda boda anapeleka, analipia akishapokea.

Siku moja nikakaa na daftari nikasema leo napiga hesabu ya pea moja mwanzo mpaka mwisho. Nimenunua 14,000, nauza 25,000, kamisheni 2,500, kufunga mzigo 1,000, kupromoti tangazo kama 1,500, mimi nabaki na 6,000. Sawa. Sasa mzigo ukirudi je? Nauli ya boda analipa mteja akipokea, asipopokea inaniangukia mimi. Boda namlipa 5,000 ya kwenda na 3,000 ya kurudi, yaani 8,000 imeenda na kiatu sijauza, kwa hiyo pea moja ikirudi inakula faida ya pea niliyouza na bado nadaiwa. Nikahesabu mwezi ule, oda 60, zimerudi 17. Hiyo ni 136,000 jamani!! Nilikaa kimya kama dakika kumi nzima.

Nikaanza kuwapigia wote waliorudisha, mmoja mmoja, nikiwauliza kwa upole tu dada yangu shida ilikuwa nini. Wengi jibu lilikuwa moja, kimebana. Mtu anajijua anavaa 38 ila hivi viatu vya China namba zinatofautiana, hii 38 na ile 38 haziko sawa. Ndo nikaanza kuangalia vile vinamba vya chini ya soli au ndani ya ulimi, 235, 240, 245, nilikuwa naviona kila siku sijui maana yake, kumbe ni urefu wa mguu kwa milimita, 240 ni mguu wa sentimita 24 na ndo kwa kawaida inaitwa 38. Tangu hapo simuulizi mteja unavaa namba ngapi, namwambia kanyaga karatasi ukutani, kisigino kiguse ukuta, weka alama kwenye kidole kirefu, pima na rula nitumie. Na mimi kila pea napima soli ya ndani na futi, picha ya futi naiweka ya pili kwenye tangazo. Kuna waliokasirika wakasema namsumbua mteja, wakaondoka, nikawaacha waende, maana hao hao ndo wangenirudishia.

La pili, simtoi boda mpaka nimepiga simu asubuhi ile ile, asiyepokea mzigo wake unabaki ndani. Halafu napeleka Jumanne na Ijumaa tu kwa njia moja, Mbagala yote pamoja, Tegeta yote pamoja, boda akibeba minne ananifanyia 12,000 badala ya 20,000, na mteja namshushia nauli mpaka 3,000. Mikoani ni hela kwanza ndo mzigo unapanda basi pale Mbezi, hapo sibembelezani na mtu.

Maboksi nimeacha kabisa, natumia mifuko mbadala, na kupromoti nimebakisha viatu vitatu vinavyotoka haraka.

Mwezi uliopita oda zilikuwa 52, zimerudi 5. Kamisheni iko pale pale, sijaigusa, na hela ya kuongeza mzigo ipo. Kati ya wale watano, watatu walisema urefu uko poa ila pembeni panabana, kwa hiyo wiki hii nimeanza kupima na upana, kila kiatu upya, nimeshafika pea 40.